Kutazama tagi na meli kwenye lango la Bandari ya Dar es Salaam: mwongozo kamili

Anayesubiri panton, yaani kivuko cha Kigamboni, pale Magogoni huiona meli ghafla. Ukuta wa chuma umeziba Kigamboni yote, honi inalia, watu wanasogea ukingoni, na baada ya dakika chache imeshapita. Aliyeiona hivyo ameona mwisho wa kazi tu. Kabla ya hapo boti ilishampeleka nje kuifuata rubani wa bandari, yule mwenyeji anayeiongoza meli kuingia, maji yalishapigiwa hesabu, na tagi zilishang'oka gatini kwenda kuipokea. Ukijua kuzisoma dalili hizo utajua meli inakuja kabla haijaonekana, na mara nyingi utajua imebeba nini na itahangaika wapi.

Nimechagua Dar es Salaam kwa sababu ni sehemu chache sana duniani ambapo mtu wa kawaida, bila kulipa kiingilio, anaweza kusimama karibu hivyo na meli kubwa inayoingia. Bandari yenyewe ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, unaopokea maji ya Mto Mzinga na vijito vingine, na mdomo wake ni mwembamba. Ushauri wangu mkuu nautoa mapema: macho yako yaanze kwenye tagi, zile boti fupi nene zinazovuta na kusukuma meli. Meli kubwa haikuambii mengi inapopita mlangoni. Tagi zinasema kila kitu.

Hatua ya kwanza: lijue umbo la maji

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu na ufuate njia ya meli kutoka nje hadi gatini. Nje kabisa, bahari wazi, ndiko meli zinakotia nanga kusubiri zamu. Karibu zaidi utaona visiwa vya Makatumbe. Cha nje kina mnara wa taa. Kutoka hapo njia imewekewa maboya. Pwani yetu inafuata mpango uleule wa Ulaya: kwa meli inayoingia, maboya mekundu hukaa kushoto na ya kijani kulia. Marekani ni kinyume chake, kwa hiyo usichanganyikiwe ukitazama video za huko.

Kisha ndipo lango, kati ya Magogoni na Kigamboni. Hapa meli inapaswa kupinda ikiwa imeshapunguza mwendo, huku panton zikivuka mbele yake na boti za wavuvi wa Feri, soko la samaki la Magogoni, zikiingia na kutoka. Ukishavuka lango maji yanafunguka tena: upande wa mjini ndiko zinakofunga boti za Zanzibar, katikati pana eneo la kugeuzia meli, halafu magati yanafuatana kuelekea Kurasini, kuanzia gati la meli za magari ambalo wengi wanaliita gati sifuri hadi namba 11. Ndani zaidi ndipo ilipo jeti ya mafuta ya Kurasini. Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni lililofunguliwa 2016, liko ndani kupita bandari, kwa hiyo usiende kusubiri meli kubwa pale.

Wembamba wa lango hili umewahi kuamua vita. Agosti 1914 Wajerumani walikizamisha mlangoni chelezo chao kinachoelea cha kutengenezea meli ili Waingereza wasiingie. Manowari yao Königsberg, ambayo wakati huo ilikuwa baharini, ikakosa bandari ya kurudi, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, na huko huko ikaangamizwa Julai 1915. Lango limepanuliwa na kuongezwa kina tangu wakati huo, na baada ya kazi ya miaka ya karibuni lilikusudiwa kupokea meli za urefu wa hadi mita 305. Hizo ni mita 305 za chuma zinazopinda mbele ya macho yako, na kwa sababu hiyo tagi hazina siku ya kupumzika.

Hatua ya pili: piga hesabu ya maji

Hapa ndipo wengi wanaporuka, halafu wanalalamika kwamba walikaa Feri asubuhi nzima wasione kitu.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba inasogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Iko kanuni ambayo mvuvi yeyote wa Feri anaijua bila jedwali: mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka. Saa nne ndiyo maji kujaa. Kwa hiyo ukitazama mwezi usiku wa leo, unaweza kukadiria maji ya kesho kwa tofauti ya saa moja hivi. Ukitaka dakika kamili tumia jedwali la maji au programu ya simu, lakini jifunze kanuni hiyo kwanza, kwa sababu itakuzoesha kufikiri kama wanaoishi na maji.

Maji yanahusu meli kwa njia mbili. Ya kwanza ni kina. Meli iliyosheheni hadi mwisho inataka maji mengi iwezekanavyo chini ya tumbo lake, basi huelekea kuingizwa maji yakiwa karibu kujaa. Ya pili ni mkondo. Maji yote yaliyoingia ndani ya mkono ule wa bahari lazima yatoke kupitia mdomo uleule mwembamba, na katikati ya kupwa kwa bamvua mkondo hapo huwa na nguvu unayoweza kuiona kwa macho: tazama boya linavyolala na maji yanavyokatika kwenye ubavu wake. Rubani hapendi kupinda na meli nzito huku mkondo unamsukuma tezi, yaani nyuma ya meli.

Kwa mtazamaji, matokeo yake ni haya. Ukitaka meli nzito, nenda saa mbili kabla ya maji kujaa na ukae mpaka yaanze kutoka. Ukitaka kuona tagi zikifanya kazi kwa jasho, chagua siku za bamvua. Meli nyepesi na ndogo zina uhuru zaidi wa kuingia na kutoka, na boti za Zanzibar zinakwenda na ratiba yao tu, maji yawe yamejaa au yamepwa.

Upepo nao usiusahau. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni mpole zaidi. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, ndio msimu wa kazi ngumu, na mimi huo ndio ninaoupenda.

Hatua ya tatu: chagua mahali na uheshimu mipaka

Jua linatoka upande wa Kigamboni na kuzama upande wa mjini. Asubuhi, basi, ukiwa Feri jua linakupiga usoni na meli inakuwa kivuli cheusi. Vuka uende Kigamboni asubuhi, rudi upande wa mjini alasiri. Barabara ya Barack Obama, kando ya bahari, inakupa meli ikiwa bado nje inaufuata mstari wa maboya, na ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu pana nafasi na kivuli. Kivukoni, mbele ya majengo ya zamani ya mjini, unaona ndani ya bandari: boti za Zanzibar na meli zinazogeuzwa.

Coco Beach wengi huidharau kwa kazi hii, wakati ndiyo darasa zuri la kuanzia. Meli zilizotia nanga nje zote huelekeza omo, yaani mbele ya meli, upande mmoja, kule mkondo na upepo vinakotoka. Kaa na muhogo wako na uzitazame. Zikianza kugeuka moja moja, nyepesi kwanza na nzito mwisho, mara nyingi maji yamegeuka. Umesoma bahari bila kifaa chochote. Fukwe za Kigamboni kuelekea Mjimwema zina faida nyingine: nje ya Mjimwema liko boya kubwa linaloelea ambako meli kubwa za mafuta hufungwa na kushusha mzigo kwa bomba la chini ya bahari, bila kuingia bandarini kabisa. Sehemu ya mafuta hayo husafiri kwa bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, hadi Ndola nchini Zambia.

Sasa neno zito. Magogoni ipo Ikulu. Kigamboni ipo kambi ya Jeshi la Wanamaji. Bandari yenyewe na kivuko ni maeneo ya ulinzi. Kutazama kwa macho hakuna anayekukataza ukiwa mahali pa umma, lakini kamera ni jambo jingine: usiielekeze Ikulu, usiielekeze kambini, usipige picha kivukoni bila kuuliza, na usitoe lenzi ndefu mbele ya geti la bandari. Mwone mlinzi kwanza, msalimie, mweleze unachofanya. Akisema hapana, funga begi. Droni inahitaji kibali rasmi, kwa hiyo iache nyumbani. Picha nzuri utazipata ufukweni, ambako mbele yako kuna meli na bahari tu.

Ukiwa Feri, simu ikae mkononi kwa kamba au mfukoni ndani, kofia kichwani, na usisimame njiani mwa wachukuzi wa samaki. Wao wako kazini. Ukizoeana na wavuvi wawili watatu watakuambia meli inakuja kabla programu yoyote haijakuonyesha.

Hatua ya nne: vifaa, na namna ya kuitumia simu

Darubini ya macho mawili yenye alama 7x50 au 8x42 inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usinunue ya kukuza mara 20 ukidhani utaona zaidi. Mkono unatetemeka na jina la meli linacheza. Daftari, kalamu mbili, maji ya kunywa. Basi.

Kwenye simu, tumia mojawapo ya ramani za meli, kama MarineTraffic au VesselFinder. Zinategemea mfumo wa AIS: kila meli ya safari za kimataifa yenye ukubwa wa tani 300 au zaidi, na meli za abiria, lazima iwe na kifaa kinachotangaza kwa redio jina lake, mahali ilipo, mwendo na uelekeo. Tagi nyingi nazo hutangaza. Wavuvi na majahazi, kwa kawaida, hapana.

Kuna mambo matatu ya kuangalia huko, mengine ni mapambo. La kwanza ni bandari inayokwendea. TZDAR ni Dar es Salaam, TZZNZ ni Zanzibar, KEMBA ni Mombasa. Hili huandikwa na mabaharia kwa mkono, basi wakati mwingine bado linaonyesha bandari ya safari iliyopita. La pili ni mwendo: meli iliyokuwa imesimama nangani ikianza kutembea noti (maili za baharini kwa saa) 3, 4, 5 kuelekea maboya, jiandae. La tatu ni kina cha meli ndani ya maji. Nalo huingizwa kwa mkono, lakini likiwa sahihi litakuambia kama imesheheni.

Ramani ina ucheleweshaji, na mahali penye wapokeaji wachache meli hupotea kisha ikaibuka kwingine. Itumie kuamua saa ya kutoka nyumbani. Ukishafika ukingoni, iweke mfukoni. Na redio ya VHF ya baharini isikushawishi: hiyo ina leseni yake, na mawimbi yale yanaokoa maisha ya watu.

Hatua ya tano: soma tagi

Dalili ya kwanza ni boti ya rubani. Ni ndogo, ina mwendo, na ikitoka nje peke yake inakwenda kumpandisha rubani kwenye meli inayoingia, au kumchukua kwenye meli inayotoka. Dalili ya pili ni tagi kuondoka mahali pake pa kulala. Zikielekea lango, meli inaingia. Zikielekea gatini, iko meli inayotoka. Tafuta meli yenye moshi mpya juu ya bomba.

Tagi ya kisasa ya bandarini utaitambua kwa umbo: fupi, pana, madirisha pande zote za chumba cha usukani, mpira mnene umezunguka omo lake, na mbele kuna ngoma kubwa ya kamba. Chini ya maji nyingi zina propela mbili zinazoweza kuzungushwa duara zima, nyuzi 360. Kwa hiyo tagi inakwenda mbele, nyuma, ubavu, na inaweza kujizungusha ilipo bila kusogea. Nguvu yake hupimwa kwa tani za mvuto. Nyingi za kisasa zinavuta kati ya tani 50 na 70.

Kwa nini meli yenye injini kubwa mara kumi iombe msaada wake? Kwa sababu usukani wa meli unafanya kazi pale tu maji yanapoupita kwa kasi. Meli ikipunguza mwendo ili isigonge gati, usukani unakufa. Kuanzia hapo nahodha ana chombo cha maelfu ya tani ambacho hakisikii tena. Ndipo tagi ya tezi inapokuwa breki na usukani kwa pamoja, na ndipo jicho lako linapopaswa kuwa. Watu wote hutazama omo. Wewe tazama nyuma.

Anza na kamba. Kamba iliyolegea na kushuka tumbo inasema tagi inasubiri amri. Kamba iliyonyooka, inayotoa maji kama nguo inayokamuliwa, inasema tagi inavuta kweli. Kisha tazama povu. Povu jeupe likimwagika kuelekea meli, tagi inavuta kuondoka. Povu likikimbia mbali na meli huku omo la tagi limegandamana ubavuni, inasukuma. Povu likiisha ghafla, rubani amesema basi. Yeye yuko juu kwenye meli, anatoa amri kwa redio, na katika bandari nyingi tagi hujibu kwa honi fupi. Ukiisikia, angalia povu litakavyobadilika sekunde hiyohiyo.

Sasa chukua meli ya magari inayoingia mchana wa Julai. Hizi ndizo zinazoleta magari yaliyotumika kutoka Japani, ya hapa na ya kwenda Zambia na Kongo. Nyingi zina urefu unaokaribia mita 200, na ubavu wake ni ukuta mmoja usio na dirisha, kwa hiyo kusi inaushika wote. Ikifika langoni upepo unaisukuma upande wa mjini. Tazama omo: haliangalii kule meli inakokwenda. Limeelekezwa kidogo upande wa Kigamboni, dhidi ya upepo, na meli inaingia mshazari. Tagi ya tezi iko nyuma upande huohuo wa Kigamboni, kamba imenyooka, povu linachemka. Nyingine inakimbia ubavuni upande wa mjini, haijagusa bado, imeacha nafasi ya mita chache tu, tayari kuweka bega. Panton imeshikiliwa ng'ambo, abiria wanapiga soga. Kisha meli inapita nyumba za mjini, inapata kinga kidogo, omo linanyooka taratibu, na kamba ya nyuma inalegea kwa mara ya kwanza. Ukiishika sekunde hiyo ya kamba kulegea, umeona kazi nzima ya rubani.

Jambo jingine la kulifahamu, kwa heshima ya watu wale: kazi hii inaua. Kamba ikiivuta tagi kutoka ubavuni badala ya mbele au nyuma, na meli ikawa na kasi, tagi inaweza kupinduliwa kwa sekunde chache. Ndiyo sababu ngoma ya kamba ina namna ya kuachia kwa dharura, na ndiyo sababu utaona nahodha wa tagi akirekebisha kona yake kila wakati ili kamba isimshike ubavuni. Kamba yenyewe ikikatika inarudi kwa nguvu ya kumkata mtu. Mabaharia wa sitaha wakishaifunga wanaondoka hapo. Waangalie, hakuna anayezubaa.

Hatua ya sita: soma ubavu na tezi

Meli imeandikwa mwili mzima. Kwenye omo kuna jina, pande zote mbili. Kwenye tezi kuna jina tena na chini yake bandari ya usajili: Panama, Monrovia, Majuro, Valletta, Singapore. Hiyo haisemi mwenye mali ni nani. Meli ya Mgiriki yenye mabaharia Wafilipino inaweza kubeba bendera ya Liberia, na hali hiyo ni ya kawaida mno.

Jina hubadilika meli ikiuzwa. Namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, haibadiliki mpaka meli ikatwe chuma chakavu. Ni tarakimu 7, na unaweza kujua kama umeisoma vizuri kwenye darubini. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2, kisha jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na tarakimu ya saba. Mfano, 9074729: 63 + 0 + 35 + 16 + 21 + 4 ni 139, na namba inaishia na 9. Iko sawa. Mimi hesabu hii naifanya papo hapo pembeni mwa daftari kabla meli haijapotea.

Katikati ya ubavu tafuta duara lililokatwa na mstari wa mlalo, na kando yake ngazi ya mistari yenye herufi. Hiyo ni alama ya kikomo cha kupakia, iliyolazimishwa na sheria ya Uingereza ya 1876 baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakizama na meli zilizojazwa kupita kiasi. S ni kikomo cha majira ya joto, T cha bahari za tropiki, F cha maji baridi ya mtoni, TF cha maji baridi ya tropiki. Kwetu ni T. Maji yakiwa karibu kugusa mstari huo, meli imesheheni. Rangi nyekundu ya chini ikionekana juu sana na ncha ya propela ikipiga maji hewani, imekuja au inaondoka tupu.

Kwenye omo na tezi kuna namba za kina. Zile za mita zina urefu wa sentimita 10 kila moja, na nafasi kati yake ni sentimita 10. Maji yakigusa mguu wa namba, hicho ndicho kina. Duara lenye msalaba karibu na omo linaonya kwamba kuna propela ya pembeni chini yake. Na ubavuni utakuta neno TUG lenye mshale: hapo ndipo mbavu za meli ni imara na tagi inaruhusiwa kusukuma. Kwingine bati linaweza kubonyea. Tazama nahodha wa tagi anavyolenga alama hiyo akiwa na meli inayotembea.

Aina za meli utazizoea upesi. Ya makasha (kontena) inajieleza. Ya shehena kichele, yaani mzigo usiofungashwa, ina milango mikubwa ya mraba sitahani na mara nyingi kreni zake yenyewe. Huleta ngano, mbolea, na salfa ya migodi ya shaba ya Kongo na Zambia. Ya mafuta ina sitaha iliyojaa mabomba.

Hatua ya saba: bendera, taa na honi

Bendera ya usajili hukaa tezi. Ya Tanzania hupandishwa mlingotini kwa heshima ya mwenyeji. Nusu nyeupe nusu nyekundu, zikiwa wima, inasema rubani yuko ndani. Nyekundu tupu inasema mzigo ni wa hatari, na kwenye meli ya mafuta utaiona mara kwa mara. Ya njano ni ya meli inayoomba kibali cha afya.

Usiku, taa nyekundu ni ubavu wa kushoto na kijani ni kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, meli inakutazama uso kwa uso. Boti ya rubani ikiwa kazini hubeba nyeupe juu ya nyekundu.

Honi fupi moja: nageuka kulia. Mbili: nageuka kushoto. Tatu: injini yangu inarudisha nyuma. Tano au zaidi, za harakaharaka, maana yake mpigaji haelewi mwenzake anafanya nini, au ana wasiwasi. Langoni pale, kwa wingi wa boti ndogo, hizo tano ukizisikia geuka utazame mara moja.

Hatua ya nane: daftari

Andika ukiwa pale pale. Siku ya mwezi, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, upepo. Jina, IMO, bandari ya usajili. Nzito au nyepesi. Kisha, na hii ndiyo safu inayolipa: tagi ngapi, zilifungwa wapi, ipi ilivuta na ipi ilisukuma, na muda kutoka lango hadi kamba ya kwanza gatini. Baada ya msimu mmoja wa kusi na mmoja wa kaskazi linganisha kurasa. Utaona meli ya ukubwa uleule ikipewa tagi zaidi siku ya upepo, na utaanza kutabiri idadi kabla hazijatoka.

Ukiwa mbali na Dar

Mombasa inakupa kitu ambacho Dar haina: bustani ya Mama Ngina, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, ambapo unakaa juu ya mwamba na meli zinazokwenda Kilindini zinapita chini yako baada ya Ras Serani. Ni karibu kiasi cha kusoma jina la meli bila darubini. Kisha zinakata njia ya feri za Likoni, na kanuni za maji na upepo ni zilezile. Tagi za huko zimezoea majina ya wanyama, kama Simba, Nyangumi na Duma, basi ni rahisi kuzikumbuka daftarini. Nako uliza kabla ya kupiga picha kivukoni.

Mwenye makazi Ujerumani aende Wedel, kwenye Mto Elbe, ambako tangu 1952 meli zinazopita kwenda na kutoka Hamburg husalimiwa kwa wimbo wa taifa wa bendera zao. Aliyeko kusini mwa Marekani aende River Street mjini Savannah, meli za makasha zinapita mbele ya meza za chai, na akumbuke kwamba maboya huko yamebadilishana rangi. Kote huko kanuni ya bamvua ni ileile, lakini saa ya maji kujaa si ile ya kwetu. Chukua jedwali la mahali hapo kabla hujafunga safari.